Jina la baba: kisa cha mtoto mmoja wa Ngamiani

Mtoto huyu sitampa jina, hata la kubuni. Jina ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi wote, na nikimzulia jingine hapa nitakuwa nimemfanyia kilekile alichofanyiwa na watu wazima tangu azaliwe. Nimebadili kazi ya huyu na mtaa wa yule, ili mtu wa Tanga asije akakaa barazani akaanza kuhesabu nyumba. Bibi na mama wamesomewa andiko hili wakaridhia. Mwenyewe amelisoma, akanifutisha sentensi mbili.

Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nawaandikia walimu wenzangu na wazazi, kwa sababu mtoto wa namna hii, ambaye anavyojijua ndani hakulingani na mwili aliozaliwa nao, akitokea kwenu hamtakuwa na pa kuuliza. Mimi sikuwa napo.

Nilimjua akiwa kidato cha kwanza. Alizaliwa mtoto wa kike, akaandikwa hivyo kwenye cheti, akavalishwa sketi na hijabu kama wenziwe. Mpole, hesabu anaziweza, ila alikuwa na jambo lililonisumbua: haendi chooni kutwa nzima. Vyoo vyetu ni vya wasichana upande huu na vya wavulana upande ule, naye hakuingia kokote. Ili asibanwe, hakunywa maji tangu asubuhi. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili, mtoto asiyekunywa maji atajulikana tu. Alianguka mstarini mara mbili.

Mara ya pili nilimwingiza ofisini, nikamlegeza vifungo apate hewa. Kifua kilikuwa kimezungushwa bendeji, tabaka juu ya tabaka, imekaza hadi ngozi ya ubavuni imechubuka. Nikadhani kapigwa nyumbani, wamemfunga kuficha. Akasema, "Sijapigwa, mwalimu. Nimejifunga mwenyewe." Nikamuuliza kwa nini. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akanijibu kwa swali: "Wewe mwalimu, ukiota usiku, kwenye ndoto wewe ni nani?" Nikamwambia ni mimi huyu huyu. Akasema, "Na mimi ndotoni ni mimi huyu huyu. Lakini ni mvulana. Nikiamka ndiyo inakuwa kazi."

Sasa kosa langu, na nitalisema lote. Jioni ile ile nilimpigia simu mama yake. Sikumuuliza mtoto kama nipige, wala sikumuuliza mama yuko na nani. Nikamweleza habari ya bendeji, nikaongeza na fasiri yangu, kwamba nadhani mwanao anajiona mvulana. Simu ilikuwa imewekwa spika kwa sababu mama alikuwa anakaanga vitumbua na mikono ina mafuta. Aliyekuwa amekaa pembeni ni shangazi mtu.

Wiki tatu zilizofuata ni matokeo ya simu ile. Alichapwa. Akazuiwa shule. Shangazi alisema huenda ni huntha, mtoto mwenye maumbile mawili, kwa kuwa vitabu vya dini vinamtaja huntha na hukumu zake. Akapelekwa hospitali kutazamwa mwili, jambo ambalo mpaka leo halizungumzi. Daktari akasema mwili hauna tofauti na wa msichana mwingine yeyote. Kwa shangazi, jibu lile likawa ushahidi wa ukaidi: kama mwili hauna kitu, basi anafanya makusudi. Wakampeleka kwa mganga upande wa Muheza, akasema kapandwa na jini mwanamume, akafukizwa na kuogeshwa siku tatu. Mwisho ukaja mpango wa kumwoza. Mchumba alikuwepo, mtu wa makamo mwenye duka la vipuri.

Nisimame kidogo hapo kwenye huntha, maana nimeshauona mkanganyiko huo kwa watu wengi, hata wasomi. Uhuntha ni jambo la mwili: viungo vimekuja tofauti, na mara nyingine mkunga huona siku ya kwanza. Alilonalo mtoto huyu haliko mwilini kwa namna hiyo. Ni namna anavyojijua yeye ndani, nayo hailingani na mwili. Wanaharakati hutumia neno transjenda. Nyumbani kwao hakuna aliyelijua neno hilo. Kulikuwa na "jikedume" na "tomboi", yote mawili ya kumzomea msichana apandaye miembe na kucheza mpira, na yote mawili hayakumfaa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeliondoa jambo hili kwenye fungu la maradhi ya akili. Orodha hiyo hiyo inasema kwa mtoto mdogo hali iwe imedumu kama miaka 2, na kwamba kupenda michezo au nguo za jinsi nyingine pekee hakutoshi. Kwa hiyo si kila binti apandaye mwembe yuko hivyo. Nalisema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa.

Na huyu je, lilidumu muda gani? Aliyenijibu ni bibi.

Kila mtu wa pwani anajua utani wa bibi na wajukuu. Wa kiume ni "mume wangu", atamnunulia kanga akikua. Wa kike ni "mke mwenzangu", wanagombea babu. Bibi huyu, mama mzaa mama, anakaa Ngamiani, barabara za katikati, nyumba ya udongo na chokaa yenye baraza mbele. Aliniambia kwamba mjukuu akiwa na miaka 4, kila akiitwa mke mwenza alijibu, "Mimi mume wako." Nyumba nzima ikacheka. Watoto wa jirani wakaitwa waje wasikie. Alipofika miaka 7 bado anajibu vile vile, wakacheka kidogo. Alipofika 10 akachapwa kofi na shangazi, na tangu siku hiyo hakujibu tena. Akiitwa mke mwenza aliinuka akatoka. Bibi anasema, "Mwalimu, yeye alisema neno moja miaka yote. Sisi ndio tuliogeuka."

Alipovunja ungo, akiwa na miaka 13, alikabidhiwa kwa somo kama desturi, akafundwa siku saba. Hakusema neno siku zote saba. Somo yule ni mwanamke wa makamo, kafunda nusu ya mabinti wa mtaa. Nilipokwenda kumwona nilitarajia lawama, nikakuta mtu aliyekwisha kuona muda mrefu na kunyamaza. Akanambia mtoto hakuwa mkaidi hata kidogo, aliyafuata yote aliyoambiwa, ila alisikiliza kama mgeni anayeelezwa habari za nyumba asiyokaa.

Mpango wa ndoa ulipofika masikioni mwake, alitoroka. Siku mbili usiku na mchana. Shuleni, ndani ya daftari lake la jiografia, nilikuta maneno ya mtoto aliyechoka kuishi. Nikaliweka daftari mkobani, nikaenda kwa miguu mpaka kwa bibi, maana bodaboda sikumkumbuka. Baba yake, dereva wa lori anayekwenda Horohoro, aliegesha gari akamtafuta Sahare, Mwambani, Raskazone. Wakampata Deep Sea alfajiri ya siku ya tatu, kalala kati ya ngalawa mbili zilizovutwa mchangani, kajifunika tanga bovu.

Walimpeleka kwa bibi, kwa kuwa ndiko alikokubali kwenda. Mimi nilikuwepo barazani. Bibi hakusimama, miguu inamsumbua. Alimtazama akipanda ngazi, akasema kama asemavyo kila siku, sauti ile ile ya utani: "Mume wangu, umekula?"

Mtoto alikaa chini pale pale ngazini, akalia hadi jua likawaka. Bibi akaagiza chai na mihogo.

Jioni ile familia ilikaa ukumbini. Bibi, mama, baba, shangazi, mjomba, somo, na mimi. Mtoto alikuwa chumbani na bibi akakataza mlango usifungwe, asikie kila kitu. Kama nina jambo moja ningetaka familia nyingine iige kutoka kisa hiki, ni mlango ule.

Mjomba alianza na sheria: tutafungwa wote. Nikamwambia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kimwili, na adhabu yake ni nzito kweli, maisha jela na si chini ya miaka 30. Mtoto wa miaka 14 anayetaka kuitwa jina jingine hajafanya tendo lolote. Lakini tukizungumza sheria tuzungumze zote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kumdhalilisha, hata ikiitwa mila. Na Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa anayemwoa mwanafunzi miaka 30, na waliosaidia ndoa ile nao wana adhabu yao. Mjomba akamgeukia shangazi. Habari ya mwenye duka la vipuri ilikufa pale.

Shangazi si mtu katili, na ningesema uongo nikimchora hivyo. Mama alipokuwa akienda Horohoro kufuata biashara, ni yeye aliyemlea mtoto huyu, akamnyoa, akampeleka chanjo, akamfundisha kusoma juzuu. Alichokuwa nacho ni hofu, na hofu yake ina msingi. Anajua watu wanafanywa nini vichochoroni. Anajua mwenye nyumba akisikia tu neno anatupa vyombo nje. Aliamini kumvunja mtoto mapema nyumbani ni nafuu kuliko kuacha dunia imvunje. Nimekutana na imani hiyo kwa wazazi wengi, waungwana, wanaowapenda watoto wao.

Hapo nikawaeleza utafiti mmoja wa Kanada, jimbo la Ontario, uliotolewa mwaka 2012, wa vijana wa namna hii wenye miaka 16 hadi 24. Waliosema wazazi wao wanawaunga mkono kwa dhati, asilimia 4 walikuwa wamejaribu kujiua katika mwaka ule. Waliokosa mkono huo, asilimia 57. Waliohojiwa hawakuwa wengi, na Ontario si Tanga. Lakini daftari la jiografia lilikuwa mkobani mwangu. Nikalitoa, nikampa shangazi. Alilisoma kimya, akampa baba.

Baba hakuwa amesema kitu tangu tukae. Alisema hivi, karibu neno kwa neno: "Mimi sijaelewa. Na pengine sitaelewa. Lakini siku mbili hizi nimewauliza wavuvi mmemwona mtoto wangu, wakaniuliza ana miaka mingapi, amevaa nini. Hawakuniuliza zaidi. Mtoto harudi kuchapwa."

Hilo ndilo lililonifundisha jambo ambalo sasa namwambia kila mzazi. Kumuunga mkono mtoto hakungoji uelewe. Hakungoji uhakika pia. Huenda mtoto akikua akajieleza kwa namna nyingine. Hiyo ni safari yake, na bado atakuwa hai kuisafiri. Mama alisikia kwenye simu habari za dawa za kuzuia balehe akaniuliza kama ndizo tunazotafuta. Nikamwambia hapana. Uingereza kwenyewe, Machi 2024, huduma yao ya afya iliacha kuwapa watoto dawa hizo kama tiba ya kawaida kwa sababu ushahidi wake haukutosha, na madaktari wa huko bado wanabishana. Tuliyokuwa tunayazungumza sisi hayahitaji dawa: kula pamoja, kutopigwa, kuitwa vizuri.

Kwenye kuitwa ndiko tulikokaa zaidi, na ndiko lugha yetu ilikotusaidia. Waingereza wana "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na familia zao hugombana kwenye neno hilo kila sentensi. Sisi tuna yeye mmoja. Amekuja, amelala, mpe chakula: hakuna anayejua ni nani. Mwanangu ni mwanangu. Mjukuu ni mjukuu. Mdogo wangu hana sketi wala suruali. Tatizo limebaki kwenye kaka na dada, kwenye utani wa bibi, na kwenye jina lenyewe. Dada yake mkubwa alisema yeye atamwita "mdogo wangu" kama alivyozoea, hana la kubadili. Mama akashika "mwanangu". Bibi alikwisha amua kwenye ngazi. Baba, kwa miezi mitatu, hakumwita chochote. Alikohoa, mtoto akageuka. Nilimlaumu moyoni wakati ule. Sasa naona alikuwa ameacha kulitumia lile jina la zamani, na lingine lilikuwa bado halijamfika kinywani.

Shuleni palikuwa pagumu. Jina la usajili haligusiki, maana ndilo litakalokwenda kwenye mtihani wa taifa. Na kumtangaza jina jipya mbele ya wanafunzi mia kadhaa ni kumtupa barabarani. Nikakumbuka mazoea yetu: mwanafunzi wa Tanzania ana majina matatu, lake, la baba na la babu, na nusu ya darasa tunawaita kwa la baba bila sababu yoyote. Nikamuuliza, je, nikikuita kwa jina la baba yako? Alilitamka mwenyewe mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Akasema, "Hilo ni langu tayari."

Kuanzia Jumatatu ile nikamwita hivyo, na nikawaita wengine watano wa darasa lake kwa majina ya baba zao, asionekane peke yake. Walimu wakafuata bila kuuliza. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulioonesha kwamba vijana hawa, kadiri wanavyoitwa jina walilolichagua katika sehemu nyingi zaidi, nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki, ndivyo huzuni na mawazo ya kujiua yanavyopungua. Sikuwa nimeusoma siku ile. Nilikuwa nimekwama tu, na mazoea yetu yakanipa njia.

Kuna neno la kwetu ambalo naomba wazazi walifikirie upya: sitara. Wengi wanachanganya kumsitiri mtoto na kumficha. Kumficha ni kumfungia ndani mgeni akija, kwa ajili ya uso wako. Kumsitiri ni kumuuliza yeye: mgeni huyu ajue, au asijue? Simu yangu ya kwanza ilivunja sitara hiyo. Baada ya kikao tulimpa mtoto karatasi aandike wanaoruhusiwa kujua. Aliandika watu wanane, tukakubaliana hakuna wa tisa bila ruhusa yake. Mbele ya bomba la maji na dukani anavaa kama zamani, kwa kuchagua kwake na kwa usalama wake. Ndani kwa bibi anavaa kaptura, na usiku analalia msuli wa babu yake marehemu, bibi kautoa sandukuni. Bendeji tuliiacha. Somo ndiye aliyemweleza kwamba bendeji huzidi kukaza mtu akipumua na huumiza mbavu, akamtafutia sidiria ya michezo inayobana kiasi, avae kwa saa chache, asilale nayo, na juu yake shati pana. Shuleni anatumia ufunguo wa choo cha wagonjwa. Anakunywa maji.

Baba alikwenda kwa ustadhi wake. Ustadhi hakumhalalishia mavazi wala jina, na baba hakudai kwamba alihalalishiwa. Alimwambia mtoto ni amana na kumfukuza amana ni dhambi. Baba aliridhika na kiasi hicho, na mimi pia.

Si kila kitu kimekaa sawa. Mwalimu mmoja alimzomea darasani juu ya mwendo wake, na ilinibidi nizungumze naye kwa maneno makali kuliko niliyoyazoea. Mtoto bado ana siku za giza. Tulikubaliana siku hizo haachwi peke yake, na namba 116, ya huduma kwa mtoto, ameiandika nyuma ya daftari, pale pale palipokuwa na yale maneno. Shangazi hakukanyaga kwa bibi miezi minane. Idi akatuma doti ya kanga, kwa mtoto huyu. Mama alikasirika, kwamba ni kejeli. Bibi akasema hapana, ameleta, pokeeni. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akamwamkia shangazi kwa simu, kanga akampa mama.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wazazi. Baba alikuja, amepaki lori mbali kwa sababu ya vumbi. Walikuwa wamesimama chini ya mkungu, yeye na mwanawe, nami nilihitaji mtu wa kunibebea madaftari. Nikaita jina kutoka mlangoni, kama ninavyoita kila siku. Wakageuka wote wawili.

Baba akanitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe. Akamsukuma kidogo begani. "Nenda," akasema, "unaitwa wewe."